Mita za Mtani

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika kama saa tatu. Jua likatoka ghafla na bati la kliniki likaanza kutoa mvuke. Mto Rewa ulikuwa umejaa, rangi yake kama chai ya maziwa. Siku hiyo ndiyo alifika Profesa Frances Keating kutoka Auckland, kuja kuamua kama vipimo vya kliniki yetu ya moyo vinaaminika. Sista Vasiti Delai, ambaye ndiye aliyepima nusu ya vipimo hivyo, alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma akilikunjua na kulikunja tena taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa vizuri.

Vasiti alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mjane, mnene kiasi, mwenye sauti inayosikika hadi barabarani. Alizaliwa Moce, kisiwa kidogo katika visiwa vya Lau, ambako mama yake alitengeneza masi, ile nguo ya magome inayogongwa kwa gongo la mti mpaka inalainika. Mama yake alimfundisha kugonga kwa uzito uleule toka mwanzo wa gome hadi mwisho, kwa kuwa nguo ikikauka kila pigo la hovyo huonekana. Alisomea uuguzi Suva, akatumwa visiwa vya mbali, akazalisha wanawake kwa mwanga wa taa ya karabai, akarudi kisiwa kikuu mumewe alipofariki. Mgonjwa akija na presha imepanda kwa sababu ya kukimbilia basi, Vasiti alimkalisha kwanza, akampa maji, akamwuliza habari za shamba, ndipo akampima. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwa hiyo utafiti ulipokuja, daktari wetu, Shaleshni Prakash, alimteua bila kusita.

Utafiti wenyewe ulihusu dawa ya moyo uliochoka. Nusu ya wagonjwa walipewa dawa, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua nani kapewa nini. Ili kujua kama dawa inasaidia, kiliangaliwa kitu kimoja hasa: mgonjwa anaweza kutembea umbali gani kwa dakika sita. Barazani ziliwekwa koni mbili za rangi ya chungwa, na mgonjwa akawa anakwenda na kurudi kati yake. Mpimaji alisimama pembeni na saa. Aliruhusiwa kusema sentensi chache tu alizoandikiwa, kwa sauti ya kawaida: unaendelea vizuri, zimebaki dakika nne, na nyingine za namna hiyo. Kumtia mtu moyo zaidi ya hapo kulikatazwa. Mtu akishangiliwa hutembea zaidi, na hapo unakuwa umepima kelele badala ya moyo wake.

Wapimaji walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Ravin Goundar, kijana mpole wa Nausori aliyekuwa akisaidia kwenye mazoezi ya viungo. Ravin alizisema zile sentensi kama anayesoma majina ya vituo vya basi. Vasiti naye alizisema. Tabu ilikuwa kwa watu wa kisiwa cha Kadavu.

Kwa desturi ya visiwa vyetu, Mlau kama Vasiti na Mkadavu ni watani. Wakikutana, hata kama hawajawahi kuonana, lazima watupiane maneno. Huyu anaweza kumvua yule kofia akaenda nayo moja kwa moja, na hakuna pa kushtaki; kichwa cha samaki ndicho wanachogombea zaidi. Kosa ni kunyamaza. Mtani akikunyamazia, ama umemkosea vibaya sana, ama ameshakuhesabu pamoja na wafu.

Orisi Matawalu alikuwa mtu wa Kadavu. Zamani aliendesha greda la barabara, mpaka pumzi ilipomkataa. Homa ya viungo aliyougua utotoni ilikuwa imemharibia vali moja ya moyo, na moyo ukawa unavimba mwaka hadi mwaka. Mara ya kwanza alipimwa na Ravin. Alitembea, akasimama, akashika ukuta, akatembea tena kidogo. Miezi ilipopita na siku ya kupimwa tena ikafika, zamu ilikuwa ya Vasiti.

Alijaribu. Hilo ni haki kulisema. Alisimama na saa yake, akasema, "Anza," akafunga mdomo. Orisi alifika kwenye koni ya kwanza, akageuka, akamtazama.

"Mtani, umefiwa?"

"Tembea, bwana."

"Au leo Lau mmekula mkashiba kwa mara ya kwanza, sasa maneno hayapiti?"

Waliokuwa kwenye benchi wakaanza kucheka. Kisha wote wakamgeukia Vasiti, wakangoja. Mwanamke wa Lau alikuwa ametukanwa mbele ya watu na Mkadavu, na kila mtu pale alijua kinachofuata.

"Marehemu bibi yangu angekuwa ameshakupita," Vasiti akasema. "Na tulimzika kabla sijaolewa."

"Bibi yako alikuwa akikimbia kwa sababu alisikia harufu ya kichwa cha samaki."

"Nyie mnakunywa yaqona mpaka ngozi inabanduka kama ya mjusi. Hebu tazameni, jamani. Ile ni miguu au mihogo?"

"Mihogo hii itanifikisha kwenu, kwenye yale mawe yasiyo na mto."

"Fika kwanza kwenye koni."

Orisi akafika kwenye koni. Akafika tena, na tena. Hakushika ukuta hata mara moja. Alipoketi, midomo ilikuwa imegeuka rangi na shati limelowa, lakini alikuwa akicheka na kuwapungia mkono watu wa benchi kama mchezaji wa raga aliyefunga. Vasiti akaandika mita zake. Zilizipita zile alizopimwa na Ravin kwa mbali sana.

Alijiambia kwamba hakuvunja sheria. Sheria ilisema asimtie mgonjwa moyo. Kumwambia mtu miguu yake ni mihogo si kumtia moyo. Kwetu hiyo ni salamu. Alijiambia hivyo siku ile, akajiambia tena walipokuja Wakadavu wengine, maana habari zilisambaa na wao wakawa wanaomba wapangiwe siku ya yule Mlau. Chumba cha daktari kiko upande wa pili, feni yake ina kelele. Alichokiona Daktari Shaleshni ni mita tu, na mita zilikuwa zikipanda.

Sasa ndipo jambo lenyewe lilipo. Kila katikati ya mwaka huja madaktari wa upasuaji kutoka ng'ambo, hukaa wiki mbili, na wanaofunguliwa moyo ni wachache mno. Anayeweza kungoja hungojeshwa. Orisi alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kubadilishiwa vali. Desemba daktari aliziangalia mita zake, akafurahi kwa dhati, akamwambia dawa inamtosha na vali inaweza kusubiri mwaka mwingine. Orisi aliondoka akiimba. Alimpitia Vasiti barazani akamnyang'anya kalamu, akaenda nayo.

Januari, Vasiti alikwenda soko la Nausori kununua nanasi. Akamwona Orisi mbele, peke yake, kabeba fungu moja la magimbi. Alikuwa amevaa kandambili za mkewe kwa kuwa viatu vyake havikumwingia tena. Alitoka nguzo moja hadi ya pili, akasimama, akaishika, akauliza bei ya mihogo. Akatoka nguzo hiyo hadi nyingine, akauliza bei ya bilinganya. Hakununua kitu. Alikuwa akiuliza bei ili apate kupumua bila watu kumtazama.

Vasiti alifungua mdomo amwite, akaufunga. Alijua kwamba akimwita tu, Orisi atanyooka, ataiachia ile nguzo, na atatembea. Akajificha nyuma ya rundo la mananasi kama mwizi, akamwangalia mpaka alipopotelea kwenye umati. Halafu akarudi nyumbani bila nanasi.

Hakumwambia mtu. Kila Jumatatu alisema moyoni kwamba wiki hii atakwenda kwa daktari, na kila Ijumaa alikuwa hajaenda. Daktari alikuwa amemsifu mbele ya wageni wa wizara. Akisema la Orisi, itabidi aseme na la wale Wakadavu wengine wote, na kazi ya mwaka mzima itaharibika kwa sababu ya mdomo wake. Tena kulikuwa na jambo ambalo aliona aibu kulifikiria: zile asubuhi zilikuwa tamu. Tangu mumewe afariki, hakuna mtu aliyekuwa akimjibu hivyo. Kanisani aliacha kuanzisha nyimbo. Kliniki akawa anapima urefu wa baraza kila siku kwa utepe, toka koni hadi koni, kana kwamba kosa liko sakafuni, na kila siku baraza lilikuwa na urefu uleule.

Kabla ya Profesa kufika, aliagiza kila mgonjwa apimwe mara mbili katika wiki moja, siku moja na Ravin na siku nyingine na Vasiti. Wakadavu walikuja siku zote mbili, isipokuwa Orisi. Siku ya Ravin alituma habari kwamba ana mafua. Siku ya Vasiti alikuja kanyoa ndevu. Vasiti alijaribu tena kunyamaza, na alishindwa kabla Orisi hajaifikia koni ya pili.

Basi Jumanne hiyo wakaketi wote wanne katika chumba cha daktari, feni ikipiga kelele. Profesa Keating alikuwa mama mwembamba, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kulingoja jibu bila kulisaidia.

"Mimi sikuja kuuliza kama mnafanya kazi kwa bidii," alisema. "Nauliza kitu kimoja. Mtu yuleyule, wiki ileile, hajapona wala hajazidiwa. Nikimtoa kwa mpimaji huyu nikampeleka kwa yule, napata jibu lilelile? Kwa wagonjwa wenu wengi, ndiyo. Mnakaribiana vizuri kabisa. Halafu kuna hawa." Akagusa karatasi. "Hapa Ravin yuko chini mno. Ravin, ulikuwa ukiwasimamisha kabla ya muda?"

"Hapana, madam."

"Uliwapima mchana, kwenye joto?"

"Asubuhi, kama wengine."

"Uliwaambia nini?"

"Yale yaliyoandikwa."

"Basi kwa nini wanatembea kidogo kwako?"

Ravin alimtupia Vasiti jicho mara moja, kisha akaangalia kikombe chake. Alikuwa akijua. Chumba chake kilipakana na baraza, na vicheko vya siku za Vasiti alivisikia vyote.

"Labda nina sauti mbaya," akasema.

"Ravin, usifanye mzaha," akasema daktari. "Ikibidi tuviweke kando vipimo vya mmoja wenu, ndivyo itakavyoandikwa, na jina litakuwepo."

"Viwekeni kando vyangu," akasema Ravin. "Mimi sina neno."

Vasiti alikuwa bado ameshika taulo. Aliliweka mezani, juu ya karatasi za Profesa, akaliondoa haraka.

"Vyake ndivyo vya kweli," akasema. "Vyangu ndivyo vibaya. Hao wote ni Wakadavu. Nawatania wakiwa wanatembea."

Profesa alingoja. Daktari Shaleshni, aliyezaliwa Levuka na kukua kati yetu, hakuhitaji kungoja. Alivua miwani akafumba macho.

"Kuwatania ni kufanya nini?" akauliza Profesa. "Unawaambia maneno gani?"

Vasiti akamtazama daktari kama anayeomba asaidiwe. Daktari hakufumbua macho.

"Namwambia... nawaambia miguu yao ni mihogo."

Profesa akaandika. "Kingine?"

"Kwamba wana ngozi ya mjusi."

"Kingine?"

"Kwamba marehemu bibi yangu angewapita."

"Bibi yako alikuwa na ugonjwa wa moyo?"

"Hapana, madam. Ni maneno tu."

Profesa akaandika hilo pia. Maneno yale, ambayo barazani yalikuwa yakiwafanya watu washikane mbavu, yalitua mle chumbani moja moja kama samaki wa jana. Vasiti alikuwa akitokwa na jasho.

"Na wao wanakujibu?"

"Lazima wajibu. Na lazima watembee. Hawezi kushika ukuta mbele ya Mlau."

"Ungeweza kunyamaza?"

"Nilijaribu. Nikinyamaza wanaona nimewakasirikia. Au nimeshawazika."

Profesa akaweka kalamu chini. Hakuwa na ukali. "Nimekuelewa. Basi kwa watu hawa kipimo chako kinawapima ninyi wawili pamoja, na mimi nilitaka kujua habari za mmoja tu. Sitaweza kukitumia. Vya watu wengine vyote, vyako na vya Ravin, ni vizuri."

Huenda hapo mtu mwingine angeshusha pumzi. Vasiti hakushusha. Alikuwa anamngoja daktari.

"Orisi," akasema daktari, macho yamefumbuka sasa.

"Ndiyo, daktari."

"Nilimwondoa kwenye upasuaji kwa mita zako, Sista."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Januari. Nilimwona sokoni. Hawezi kumaliza nguzo mbili."

"Leo ni Machi."

"Ndiyo."

Feni ikaendelea. Ravin akainuka, akavikusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai, akatoka navyo.

"Nikimrudisha Orisi lazima niwaonyeshe wale wa upasuaji kipimo kipya kinachoaminika," daktari akasema. "Majina ya watakaopasuliwa yanaondoka Ijumaa. Kesho asubuhi atapimwa na Ravin. Wewe usionekane barazani. Sauti yako isisikike. Na habari utampelekea wewe mwenyewe, si mimi."

Jioni Vasiti alinunua nusu kilo ya mizizi ya yaqona, ile inayotwangwa kuwa kinywaji cha heshima, akaifunga kwa gazeti, akavuka daraja kwenda kwa Orisi. Nyumba yao ni ya mabati, imeinuliwa juu ya magogo kwa ajili ya mafuriko. Orisi alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani. Mkewe, Titilia, alikuwa akichemsha magimbi jikoni, hatua chache kutoka hapo. Vasiti aliingia kwa kuinama, akaketi karibu na mlango, akauweka mzigo wake mbele, kama anavyofanya mtu aliyekuja kuomba msamaha.

"Titilia," akasema Orisi, "chungulia nje uone kama mto umerudi nyuma. Mlau kaja kutoa kitu."

"Mtani, nisikilize. Nimekukosea."

"Umenikosea tangu ulipozaliwa."

"Orisi."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina.

Vasiti akamweleza yote, bila kupunguza: mita za Ravin, mita zake, sokoni, upasuaji, Ijumaa. Aliongea akiutazama mkeka. Alipomaliza, Orisi alikuwa amekasirika, lakini kwa jambo ambalo Vasiti hakulitarajia.

"Zile mita ni zangu," akasema. "Nilizitembea kwa miguu hii. Ulinibeba?"

"Sikukubeba."

"Ulinisukuma?"

"Hapana."

"Basi uongo uko wapi? Sema. Nilitembea au sikutembea?"

Aliyejibu ni Titilia, bila kugeuka kutoka jikoni.

"Uongo uko kitandani. Muulize analala muda gani akitoka kwako. Muulize nani anamvua viatu."

"Titilia, nyamaza."

"Nimenyamaza mwaka mzima. Dada, huyu akija kwako anarudi hawezi hata kuinua kijiko. Anakaa ndani kama maiti, halafu anawaambia watoto kamshinda Mlau."

Hilo Vasiti hakuwa analijua. Alikuwa amejipima hatia yake na kudhani ameujua uzito wake. Kumbe upande mmoja ulikuwa bado haujawekwa kwenye mizani.

"Mbona hukuniambia?" akauliza taratibu.

"Nikwambie wewe?" Orisi akacheka kidogo, cheko likageuka kikohozi. "Ungenicheka mpaka Krismasi."

Na ilikuwa kweli. Angemcheka. Ndiyo kazi yake.

"Kesho saa mbili Ravin atakupima," akasema. "Ukichoka simama. Ukitaka kushika ukuta, shika. Usimwangalie mtu."

"Na wewe?"

"Sitakuwepo."

"Utajificha. Watu watasema tumegombana."

"Waseme."

"Watasema umeshanizika."

Orisi akaunyoosha mkono wake uliovimba, akauvuta ule mzigo, akaupima kiganjani. Kwa desturi, akishaupokea basi amesamehe.

"Nusu kilo," akasema. "Watu wa Lau. Hata mkiomba radhi mnabana." Kisha akapiga makofi ya chini chini ya kupokea, kama ipasavyo, akampa mkewe auweke juu ya kabati.

Ulikuwa msamaha, na ulikuwa utani, na vyote viwili vilitolewa kwa moyo mweupe. Vasiti alipaswa kujibu kitu. Angalau aseme kwamba nusu kilo hiyo inawatosha Wakadavu kulewa wiki nzima. Neno lilimfika ulimini kabisa. Akalimeza, akaaga, akaondoka. Titilia alimsindikiza hadi ngazini.

"Atakuja," Titilia akamwambia. "Lakini ukiwa pale atatembea mpaka afe. Unamjua."

"Sitakuwa pale, dada."

Asubuhi iliyofuata mbingu zilikuwa wazi na joto lilianza mapema. Vasiti alifika kliniki kabla ya wote. Aliyafuta maji ya mvua yaliyobaki barazani, akaziweka koni, akapima kati yake kwa utepe. Kisha akaleta kiti kutoka ndani, kile chenye mikono, akakiweka katikati ya njia upande wa ukutani, mahali ambapo mtu aliyechoka angekifikia bila kunyoosha mkono sana. Kwa Wakadavu hakuwa amewahi kuweka kiti. Ravin alipofika akampa saa.

"Sema yaliyoandikwa tu."

"Dada Vasiti, mimi sina mengine ninayoyajua."

"Jana hukupaswa kunibebea lawama."

"Kikombe kilikuwa kizito," akasema Ravin, akaenda kuandaa karatasi.

Vasiti akachukua kapu la mataulo, akazunguka nyuma ya tangi la maji hadi kwenye sinki la kufulia. Kutoka hapo baraza halionekani, ila upepo ukitoka mtoni sauti husikika. Alisikia benchi likijaa. Alisikia kandambili zikiburuta, zikasimama, na mtu akivuta pumzi. Kisha sauti ya Ravin, kavu kama kawaida, ikisema anza.

Kandambili zikaenda. Zikageuka. Zikapunguza mwendo.

"Unaendelea vizuri," akasema Ravin.

"Yuko wapi yule Mlau?" Sauti ya Orisi ilikuwa imekatika katika pumzi, lakini aliipaza. "Mwambieni namsikia anavyotafuna kichwa cha samaki huko nyuma."

Benchi halikucheka. Lilikuwa linangoja, kama siku zote. Vasiti alisimama na taulo mikononi, maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko.

"Mtani," akaita Orisi. "Wamekukata ulimi?"

Vasiti aliuma ncha ya taulo. Kandambili zikaburuta tena, mara chache, kisha kikasikika kile kiti kikikwaruza sakafu, na kulalamika chini ya uzito wa mtu.

Akafungulia bomba mpaka mwisho, akaendelea kufua. Taulo alilokuwa akilifua lilikuwa safi.